Je, Wajua? Mwalimu Nyerere naye alikaa darasa la anthropolojia

Je, wajua kwamba Julius Nyerere alisoma anthropolojia chuo kikuu? Alikuwa Edinburgh, Scotland, kuanzia 1949 hadi 1952, na somo hilo alilichukua pamoja na fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Shahada aliyorudi nayo iliandikwa Master of Arts, na hapo ndipo watu hujichanganya wakadhani ni ya uzamili. Kwa desturi ya vyuo vikongwe vya Scotland, M.A. ni shahada ya kwanza, ile ile ambayo Dar es Salaam au Nairobi huitwa B.A. Basi Mwalimu, mtoto wa mtemi wa Wazanaki, alikalia kiti cha mwanafunzi wa kawaida katika somo ambalo chakula chake cha kila siku wakati ule kilikuwa ukoo, mahari, ardhi na utemi wa watu kama wa kwao. Mwenyewe alisema baadaye kwamba falsafa yake ya siasa ilijijenga Edinburgh. Ukikisoma kijitabu chake cha Ujamaa cha 1962, kinachosimamisha siasa nzima juu ya familia pana ya Kiafrika, huachi kujiuliza kama daftari la zamani halikuwa mezani.

Kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha sita hujaza maombi ya chuo na kuikuta anthropolojia imejibanza katikati ya kozi zingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeiweka idara moja na sosholojia. Nairobi mtu anaweza kuisomea shahada yake yenyewe. Shangazi atauliza: hiyo ni ya kuwa nani? Swali la haki kabisa, na majibu yake ni ya ajabu kidogo.

Mmoja amekuwa mfalme. Charles wa Uingereza alipoingia Cambridge mwaka 1967 alianza na akiolojia na anthropolojia, kisha akahamia historia, akahitimu 1970. Mwingine amekuwa mwimbaji: Tracy Chapman alihitimu anthropolojia Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, mwaka 1987, na mwaka uliofuata dunia nzima ikawa inamwimba. Yo-Yo Ma, mpiga sello maarufu, aliisomea Harvard. Saul Bellow aliisoma pamoja na sosholojia Northwestern, akahitimu 1937, na mwaka 1976 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mama yake Barack Obama, Ann Dunham, alianza na shahada ya kwanza ya anthropolojia Hawaii na hatimaye akaandika tasnifu ya udaktari juu ya wahunzi wa Java. Kisa cha Kurt Vonnegut ndicho kinachowafariji wanaofeli. Chuo Kikuu cha Chicago kiliikataa tasnifu yake ya uzamili mwaka 1947. Mwaka 1971, akiwa tayari ni mwandishi anayesomwa kila mahali, chuo hicho hicho kiliipokea riwaya yake Cat's Cradle mahali pa tasnifu, kikampa shahada yake.

Ukiingia darasani, jambo la kwanza ni kwamba huletewi kitabu cha nadharia. Unaletewa kisa cha kabila moja la Amerika Kaskazini. Watu hawa, unaambiwa, wanauchukia mwili na kuuona mbaya kwa asili. Kila nyumba ina hekalu moja au zaidi, na ndani ya hekalu mna sanduku lililojengwa ukutani, limejaa hirizi na dawa ambazo mwenyewe hakumbuki tena nyingine ni za nini. Kila siku hujiingiza mdomoni kifungu cha nywele za nguruwe pamoja na unga wa kichawi, na mara moja au mbili kwa mwaka huenda kwa mganga wa kinywa awatoboe meno kwa zana za kutisha. Darasa hucheka, wengine husikitika. Kabila linaitwa Nacirema. Lisome jina hilo kinyumenyume. Makala hiyo ya Horace Miner, iliyotoka 1956, imewanasa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa karibu miaka 70 sasa, na bado kila mwaka kuna atakayenyoosha mkono kuuliza kama serikali haiwezi kuwasaidia wale watu. Mswaki na kabati la dawa bafuni hawakuvitambua.

Kisa cha pili ni kitamu zaidi, na msomaji wa Kiafrika anakionja kuliko yule aliyeandikiwa. Laura Bohannan, Mmarekani aliyesomea Oxford, aliishi na Wativ wa Nigeria mwanzoni mwa miaka ya 1950. Masika yalipojaza maji mabondeni, shughuli zikasimama, wazee wakakaa kunywa pombe na kusimuliana hadithi. Wakamtaka naye asimulie. Akaona hii ndiyo nafasi ya kuthibitisha kwamba Hamlet ya Shakespeare inaeleweka na binadamu yeyote. Akaanza: mfalme amekufa, na haujapita muda, mdogo wake akamwoa mjane.

Wazee wakaitikia kwa furaha. Amefanya vyema! Mjane atalimiwa na nani, na watoto watalelewa na nani? Kisha wakauliza kama ndugu hao wawili walikuwa wa mama mmoja, kwa sababu hilo lina uzito wake. Bohannan hakuwa na jibu, Shakespeare hakuandika. Alipofika kwenye mzuka wa mfalme, wakamkatiza: wafu hawatembei, ile ni ishara iliyotumwa na mchawi. Na Hamlet kumwonea hasira mama yake na baba yake mdogo ikawa ndiyo kosa lenyewe la hadithi. Mwishowe wazee wakamsifu kwa kusimulia vizuri, wakamwahidi kumfafanulia maana ya hadithi nyingine za kwao, ili akirudi nyumbani wakubwa zake waone kwamba alikaa na watu wenye maarifa. Makala ilitoka 1966. Mimi huwa nawaza ingekuwaje hadithi ile ingesimuliwa kwetu ambako kurithi mjane bado kunabishaniwa barazani na mahakamani, na ambako Nyerere huyo huyo wa darasa la Edinburgh alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar, 1963.

Cha tatu ni cha ng'ombe. Richard Lee, akifanya utafiti na wawindaji wa Kalahari huko Botswana, aliamua kuwashukuru wenyeji kwa ng'ombe wa Krismasi. Akanunua dume kubwa lililonona kuliko yote aliyoyaona. Kila aliyepita akamcheka: umenunua mifupa, tutalala njaa, watu watapigana juu ya utumbo. Siku ya kuchinja, kisu kilipopita kifuani yakaonekana mafuta mazito, na bado wakaendelea kucheka. Ikabidi aulize. Akaelezwa kwamba kijana akirudi na windo kubwa huanza kujiona chifu na wenzake kuwaona watumishi wake, na ndiyo maana nyama yake husemwa ni duni, ili moyo wake upoe. Kwa Mtanzania aliyezaliwa na watani, hilo halihitaji tanbihi.

Utani wenyewe, kwa taarifa yako, umo kwenye vitabu vya somo hili. A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala mashuhuri juu ya mahusiano ya mzaha mwaka 1940, makala ambayo mwanafunzi wa nadharia haikwepi. Ila aliyeandika mapema juu ya utani wa Tanganyika, katika miaka hiyo hiyo ya 1940, alikuwa mtaalamu wa ndege! R. E. Moreau aliishi Amani, kwenye milima ya Usambara, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo na kuwachunguza ndege wa msituni. Ndege mmoja mdogo wa huko, Artisornis moreaui, ana jina lake. Kati ya ndege na ndege akapata wasaa wa kuuliza kwa nini Mhehe anaweza kumtukana Mngoni hadharani, hata msibani, na hakuna anayekasirika. Vita vya jana vikageuka mzaha, na njia za misafara ya Wanyamwezi kwenda pwani zikazaa watani kila kituo. Bwana ndege aliliona hilo likiwa na thamani ya kuandikwa, wakati wengi waliolelewa ndani yake hawakuwahi kufikiri kwamba ni elimu.

Kwenye somo la ukoo mwanafunzi hugeuka mchoraji. Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, alama ya sawasawa ni ndoa, na mstari unaoshuka ni uzazi. Lewis Henry Morgan, mwanasheria wa Marekani, ndiye aliyeanza kuyapanga mambo haya kwa mapana katika kitabu chake cha 1871, na W. H. R. Rivers akaiweka sawa njia ya kukusanya nasaba baada ya safari ya visiwa vya Torres mwaka 1898. Wanafunzi wa London huumwa kichwa kukariri kwamba ziko jamii ambazo mtoto wa baba mdogo ni ndugu kabisa ilhali mtoto wa mjomba ni binamu. Anayetoka Tanga au Kisumu somo hilo hulimaliza kwa dakika tano, kisha akawa anawafundisha wenzake.

Wakongwe wenyewe wa taaluma hii, je? Franz Boas, baba wa anthropolojia ya Marekani, shahada yake ya udaktari aliyoipata Kiel, Ujerumani, mwaka 1881 ilikuwa ya fizikia, na tasnifu ilihusu rangi ya maji. Bronisław Malinowski, Mpolandi aliyeifanya kuishi na watu kuwa sharti la kazi, aliandika katika visiwa vya Trobriand shajara ambayo hakukusudia isomwe. Mjane wake aliichapisha mwaka 1967, na wanafunzi wakagundua kwamba yule aliyehubiri kumwelewa mwenyeji kwa jicho la mwenyeji alikuwa jioni akijifungia hemani na riwaya, akiwatukana wenyeji wale wale. Tangu hapo shajara hiyo husomeshwa sambamba na vitabu vyake vikubwa. Naona ni uamuzi mzuri.

Boas ana kisa kingine, na hiki kinamhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Zora Neale Hurston, ambaye baadaye angekuwa mwandishi mkubwa, alikuwa anasoma Chuo cha Barnard, New York, alikohitimu 1928 akiwa Mweusi wa kwanza kuhitimu hapo. Boas alimtuma Harlem na kifaa cha kupimia vichwa. Hurston akasimama barabarani, akawasimamisha wapita njia wasiomjua na kuwapima fuvu, nao wakakubali. Hebu jaribu hivyo Kariakoo uone. Boas alitaka vipimo vya kuwaumbua waliodai kwamba Mweusi ni duni kwa umbile. Kifaa cha namna ile ile kilikuwa mikononi mwa wengine kwa kazi nyingine: Rwanda na Burundi chini ya Wabelgiji, vichwa na pua zilipimwa ili watu wagawanywe, na katika miaka ya 1930 mgawanyo huo ukaandikwa kwenye vitambulisho. Mwanafunzi wa somo hili hana budi kuujua upande huo pia, na wahadhiri wengi hawaufichi.

Je, wajua aliyeiruka kabisa shahada ya kwanza? Jomo Kenyatta. Alifika London School of Economics katikati ya miaka ya 1930 akiwa mtu mzima wa miaka kama 40, bila shahada yoyote, akaingizwa moja kwa moja kwenye diploma ya uzamili chini ya Malinowski. Riziki aliitafuta kwa njia mbalimbali. Alikuwa msaidizi wa Lilias Armstrong wa Chuo Kikuu cha London katika uchunguzi wa sauti na toni za Kikikuyu. Aliigiza pia kama mmoja wa umati katika filamu Sanders of the River ya 1935. Kwenye semina za Malinowski alikutana na watu kama Fei Xiaotong, aliyekuja kuwa mwanazuoni mkubwa wa China, na Elspeth Huxley, binti wa walowezi wa Kenya. Fikiria meza hiyo: Mkikuyu anaeleza sheria za ardhi ya Wakikuyu, na binti wa walowezi anaandika.

Alichokitoa Kenyatta ni kitabu Facing Mount Kenya, 1938, chenye utangulizi wa Malinowski. Mwandishi ametokea kwenye picha akiwa amejitanda ngozi na kushika mkuki, na jina la Jomo ndipo lilipotangazwa. Kati ya maelezo ya ardhi akapachika ngano ya mtu aliyemkaribisha tembo aingize mkonga tu kibandani wakati wa mvua, tembo akaingia mzima na mwenye kibanda akatolewa nje, kisha ikaundwa tume ya wanyama wakubwa kuchunguza shauri. Mwisho wa ngano kibanda kinawaka moto na wakubwa wote wakiwa ndani. Sijui semina nyingine ya chuo kikuu iliyozaa onyo la wazi namna hiyo kwa serikali iliyokuwa madarakani. Kitabu kinabishaniwa hadi leo, hasa kwa jinsi kinavyotetea tohara ya wanawake, na hilo pia humfaa mwanafunzi: mwenyeji anapoandika juu ya kwao, naye ana upande wake.

Okot p'Bitek alifika Uingereza mwaka 1956 na timu ya mpira ya Uganda. Timu iliporudi, yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na hatimaye anthropolojia ya jamii Oxford, alikopata shahada mwaka 1963. Ameandika kwamba tangu mihadhara ya mwanzo mhadhiri alikuwa akiwaita Waafrika washenzi na watu wa kale, akapinga, na kupinga kwake hakukusaidia kitu. Miaka mitatu baada ya Oxford ukatoka utenzi wake wa Song of Lawino, ambamo mwanamke wa Kiacholi anamsuta mume aliyesoma vitabu vya Wazungu. Halafu akaandika kitabu kizima kuwashambulia wataalamu wa Magharibi kwa jinsi walivyoziandika dini za Kiafrika. Hasira ya darasani haikupotea bure.

Hasira hiyo haikuwa yake peke yake. Baada ya uhuru vyuo vingi vya Afrika viliitazama anthropolojia kwa jicho la pembeni, kama somo lililomsaidia mkoloni kujua amtawale nani kupitia kwa nani. Jina likafichwa au likaungwa na sosholojia. Archie Mafeje wa Afrika Kusini anabeba kisa hicho chote mgongoni. Alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, akaandika kitabu cha Langa pamoja na Monica Wilson, yule yule aliyewahi kuishi na Wanyakyusa wa Rungwe na kueleza vijiji vya marika yao, ambako wavulana wa umri mmoja huondoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao. Akafanya udaktari Cambridge chini ya Audrey Richards, aliyewahi kuongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere. Mwaka 1968 Cape Town ikampa kazi ya uhadhiri wa anthropolojia, serikali ya makaburu ikatishia, chuo kikaitengua. Wanafunzi wapatao 600 wakalikalia jengo la utawala kwa siku tisa. Mafeje hakuipata kazi. Akaja Dar es Salaam kuongoza idara ya sosholojia, na mwaka 1971 akachapisha makala inayosema kwamba ukabila ni miwani ya mkoloni, na anayeivaa haoni tena matabaka wala siasa. Chuo kilikuja kuiomba radhi familia yake mwaka 2008. Yeye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Mtaani Dar es Salaam tunapita kila siku karibu na historia ya mwanafunzi mwingine wa somo hili. Eduardo Mondlane, mtoto wa chifu kutoka Gaza, Msumbiji, alifukuzwa Afrika Kusini baada ya makaburu kuingia madarakani, akapita Lisbon, akapata shahada ya kwanza ya anthropolojia na sosholojia katika Chuo cha Oberlin, Marekani, mwaka 1953. Akaendelea hadi udaktari, akawa mhadhiri Chuo Kikuu cha Syracuse. Angeweza kubaki huko na nyumba na mshahara. Akaja kuiongoza FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam Juni 1962, na akauawa jijini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi tarehe 3 Februari 1969.

Turudi darasani, kwenye mifupa. Anayedhani anthropolojia ni ngoma na mila hushtuka akipewa fuvu la plastiki na kuambiwa ataje mifupa yake. Tanzania na Kenya hapa ni kama wenye mji. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6, zilipatikana katika eneo ambalo mwaka 1976 watafiti wa timu ya Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mzaha. Andrew Hill akajitupa chini kukwepa, akajikuta anatazama alama za wanyama kwenye jivu lililoganda. Nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zikaonekana 1978. Louis Leakey, mume wa Mary, aliyezaliwa Kabete, alipokuwa mwanafunzi Cambridge katika miaka ya 1920 alitumia Kikikuyu kama mojawapo ya lugha zake za mtihani. Na mtafutaji hodari kuliko wote hakupita chuo chochote: Kamoya Kimeu wa Makueni ndiye aliyekiona mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, kipande cha fuvu kilichofungua njia kwa mifupa ya kijana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, kilimtunuku udaktari wa heshima mwaka 2021, akafariki 2022.

Kuhusu kwenda uwandani kuna maneno machache tu. Malinowski alihitaji mtumbwi na hema. Mwanafunzi wa Tanzania anahitaji barua. Barua ya chuo kwenda mkoani, ya mkoa kwenda wilayani, ya wilaya kwa mtendaji wa kata, ya kata kwa mtendaji wa kijiji, na huko kijijini mwenyekiti wa kitongoji ataisoma upya yote. Bumu, yaani posho ya chuo, likichelewa, nauli ni ya mkopo. Lakini hiyo safari ya barua, ukiiandika vizuri, yenyewe ni utafiti wa jinsi serikali inavyofika hadi chini.

Sasa swali la shangazi. Kampuni ya Xerox iliwahi kumwajiri mwanaanthropolojia, Lucy Suchman, katika maabara yake ya California. Mashine mpya za fotokopi zilikuwa zikilalamikiwa kuwa ngumu. Badala ya kuwauliza watu maswali, Suchman alikaa na kuwatazama wakizitumia, na akawapiga picha za video wanasayansi wawili wakubwa wa kompyuta, mmoja wao akiwa Allen Newell, mshindi wa Tuzo ya Turing, wakihangaika kutoa nakala ya pande mbili na kushindwa. Baada ya kutazama mkanda huo hakuna mhandisi aliyeweza tena kusema kwamba tatizo ni watumiaji wasiosoma. Kitabu chake cha 1987 bado kinasomwa na wanaounda mashine.

Na kuna Gulu. Ebola ilipoingia huko kaskazini mwa Uganda Oktoba 2000, ilishika watu 425 na kuua 224. Watu wakawa wanawaficha wagonjwa. Waliokufa walifungwa kwenye mifuko na kuzikwa mbali, ndugu wasiwaone hata uso, na uvumi ukasema viungo vyao vinauzwa. Shirika la Afya Duniani likamwita mwanaanthropolojia Barry Hewlett, ambaye akishirikiana na mtafiti mwenyeji aliwauliza wazee wa Kiacholi wao hufanya nini gonjwa la kuua haraka linapoingia. Jibu lilikuwa tayari. Gonjwa la namna hiyo huitwa gemo, na likishatangazwa kuna sheria. Mgonjwa hutengwa kwenye nyumba ya peke yake. Anayemhudumia ni aliyewahi kuugua akapona. Nyumba yenye mgonjwa huwekwa miti miwili ya matete, kila upande wa mlango mmoja. Hakuna ngoma, hakuna kutembeleana, hakuna kula kwa wageni, na aliyepona hukaa pembeni mwezi mwandamo mzima kabla ya kuchanganyika na wenzake. Madaktari walikuwa wakihubiri karibu mambo hayo hayo kwa lugha ya hospitali, na kukimbiwa.

Somo la Gulu halikusikika upesi. Ebola ilipolipuka Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, makosa ya mazishi yalirudiwa, vijiji vikawafukuza wahudumu, ndipo wanaanthropolojia wakaitwa tena kukaa na wafiwa na viongozi wa dini. Mwishoni mwa mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mpya wa maziko salama na yenye heshima. Ndani yake familia hualikwa kushuhudia, kiongozi wa dini huitwa kuomba, na maiti wa Kiislamu, asiyeweza kuoshwa kwa hofu ya maambukizi, hutayamamiwa.